Kinyama chekundu kwenye ufizi wakati wa ujauzito: ni cha mimba au ni saratani?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Mtama, Lindi, kazi yangu kubangua korosho. Nina ujauzito wa miezi sita, ni wa pili. Mwezi uliopita niliona kinyama chekundu kimeota kwenye ufizi wa juu, katikati ya meno mawili ya mbele. Kilianza kama kichwa cha njiti ya kiberiti, sasa kinafika punje ya kunde. Hakiumi, ila nikikigusa tu damu inatoka, na juzi niliamka nikakuta mto umelowa. Duka la dawa walinipa kapsuli za siku tano, sikuona mabadiliko. Wifi yangu anasema ni saratani. Mama mkwe anasema ni cha mimba, kitaondoka na mtoto. Jirani anasema nikitie mafuta ya ganda la korosho kiungue kidondoke. Nimeacha kupiga mswaki upande huo kwa kuogopa damu. Naomba uniambie ukweli: nina nini, mtoto wangu yuko hatarini, na nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na ushauri wa jirani, kwa sababu hilo haliwezi kungoja hata jioni moja. Usipake mafuta ya ganda la korosho. Wewe unabangua, unayajua kuliko mimi: yale mafuta meusi yanayochuruzika ganda likipasuka, yanayowafanya mjipake majivu vidoleni kabla ya kukaa kazini, na bado ngozi inababuka. Ngozi ya kidole ni nene. Ufizi ni utando mwembamba uliolala juu ya mfupa. Nimewahi kumpokea mama aliyeyapaka. Kinyama kilikuwa palepale kikivuja damu, lakini ufizi uliokizunguka ulikuwa umegeuka mweupe kama ukoko wa wali, mdomo wa juu umevimba na kutoa malengelenge, na kwa siku kadhaa hakupitisha kitu ila uji uliopoa. Kutibu ule muunguzo kulituchukua muda mrefu kuliko kukiondoa kinyama chenyewe.

Uzi wa kukifunga nao hapana, wembe hapana, tumbaku hapana, na aspirini ya kusaga kuweka juu yake hapana. Sababu utaiona nikishakueleza kimeumbwa na nini.

Sijakuona kwa macho, kwa hiyo nasema kile kinachowezekana zaidi, na mbele nitakuambia ni dalili zipi zingenifanya nibadili mawazo. Mahali kilipoota, rangi yake, kasi ya kukua, kutoa damu bila kuuma, na ujauzito wako: vyote vinaelekea kwenye uvimbe mmoja ambao sisi wa kinywa na meno tunaukuta mara kwa mara kwa wajawazito. Si saratani wala haugeuki kuwa saratani, hauambukizi mtu, na haumfikii mtoto aliye tumboni. Ni fundo la mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi.

Nikikitazama kinyama cha namna hii chini ya taa ya kiti cha meno, hufanana na tunda dogo la forosadi: kimegawanyika vifundo vifundo, kinang'aa, chekundu kinachoelekea zambarau, na pale kinapogusana na meno kina utando wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Watu wengi huuona ule utando wakasema ni usaha. Si usaha, ni kidonda kidogo kilichofunikwa na damu iliyoganda na kupauka. Nikikiinua taratibu kwa ncha ya kifaa, mara nyingi nakuta kina kikonyo chembamba kinachochomoza katikati ya meno mawili, kama korosho inavyoning'inia kwenye bibo. Ndiyo maana ulimi ukikisukuma kinayumba. Na kwenye mzizi wa kile kikonyo, karibu kila mara, nakuta ugaga: ile gamba ngumu ya njano au nyeusi iliyoshika jino na kuingia chini ya ufizi. Mimi huutafuta ule ugaga kwanza, kabla hata ya kukishughulikia kinyama.

Jina lake la kitabibu ni piojeniki granuloma, maana yake ni uvimbe unaotengeneza usaha. Jina hilo ni kosa la zaidi ya miaka 100, na kosa lenyewe ndilo lililokugharimu zile kapsuli. Mwaka 1897 madaktari wawili wa Ufaransa, Poncet na Dor, waliueleza uvimbe huu wakidhani ni maambukizi ya kuvu ambayo binadamu anayapata kwa farasi. Mwaka 1904 Hartzell akaupa jina hili la usaha. Baadaye hadubini ilionyesha hakuna usaha ndani wala kijidudu maalumu anayeuleta. Mwaka 1980 wataalamu watatu wa Marekani, Mills, Cooper na Fechner, wakapendekeza jina linalosema ukweli: hemanjioma ya kapilari yenye vishada, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu iliyoshikana vishada vishada. Hata hivyo jina la zamani limeng'ang'ania vitabuni. Mtu akisikia "usaha" mawazo yake yanakimbilia antibiotiki, lakini antibiotiki inaua bakteria, haipunguzi mishipa ya damu. Kama ulichopewa ni amoksilini, usiwe na hofu kwa ajili ya mtoto, dawa hiyo hutumika kwa wajawazito. Haikukusaidia tu kwa sababu haikuwa na kazi ya kufanya pale. Siku nyingine usinunue dawa ya kinywa bila kumwambia muuzaji una mimba, kwa sababu tetrasaiklini na doksisaiklini huweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto yakiwa bado yanajijenga tumboni.

Sasa ndani yake kuna nini? Vishada vya kapilari, yaani mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele, ambayo ukuta wake ni tabaka moja tu la seli. Imejaa damu, na juu yake kuna ngozi nyembamba iliyokwisha kupasuka hapa na pale. Ukishika picha hiyo, mengine yote yanajieleza. Kinatoka damu kwa kuguswa kwa sababu karibu chote ni damu. Hakiumi kwa sababu hakuna jipu linalosukuma. Na ukikifunga uzi au kukikata kwa wembe nyumbani, unakuwa umekata mshipa wenye damu mahali usipoweza kufunga bandeji.

Kwa mjamzito, kinyama hiki hutokea pale mambo mawili yanapokutana. La kwanza ni kitu kinachousumbua ufizi kila siku. Mara nyingi ni ukoga na ugaga, lakini hata mwiba wa samaki uliochoma ukasahaulika, nyuzi za ming'oko, vile viazi pori vyetu vya kusini, zilizokwama kati ya meno, jino lililovunjika ukingo, au mswaki mgumu unaokwangua. Mwili ukiona jeraha huanza kulitengeneza, na kazi ya kwanza ya fundi huyu ni kuleta mishipa mipya ya damu. Kwa kawaida jeraha likifunga, ile mishipa hunywea yenyewe.

La pili ni mimba. Estrojeni na projesteroni hupanda sana katika ujauzito. Homoni hizi huitanua mishipa ya ufizi, huilegeza, na huufanya ufizi uukasirikie ukoga kidogo ambao miezi sita iliyopita usingeuhisi. Pia huuongezea mwili ule wito wa kuotesha mishipa mipya. Kwa hiyo fundi aliyekuja kuziba kitundu kidogo anaendelea kujenga bila kuambiwa aache. Wajawazito wengi hupata fizi zilizovimba na kutoa damu bila kinyama chochote. Wanaofikia kuota kinyama ni wachache, vitabu vyetu vinataja hadi 5 katika kila 100, na wengi wao huanza kukiona kuanzia mwezi wa nne kuendelea. Mtu asiye na mimba naye anaweza kukipata, mwanamume kwa mwanamke, mtoto kwa mtu mzima. Karibu robo tatu ya vinyama vya aina hii kinywani huota kwenye fizi, hasa za mbele juu, na vinavyobaki huota mdomoni, kwenye ulimi au ndani ya shavu, mara nyingi baada ya kujiuma.

Kwa hiyo mama mkwe wako hakukosea sana, na ningependa umwambie hivyo. Mtoto akizaliwa kondo la nyuma hutoka, homoni hushuka ndani ya siku chache, na mishipa iliyokuwa inategemea homoni hizo huanza kunywea. Kinyama hupauka, hupungua, na katika wiki au miezi inayofuata vingi hupotea. Ila si vyote. Vingine hubaki kama kipele kigumu cha rangi ya ufizi, na pale ambapo ugaga haukuondolewa huweza kukua tena, hata katika mimba inayofuata. Ndiyo sababu sikubaliani na kukaa na kungoja tu bila kufanya lolote.

Nije kwenye mswaki, maana hapo ndipo unapojiumiza bila kujua. Ninaielewa hofu yako, hakuna anayependa kutema damu kila asubuhi. Lakini ukiacha kupiga mswaki pale, ukoga unajaa, ufizi unakasirika zaidi, kinyama kinapata chakula chake, na damu inaongezeka. Rudi kwenye mswaki leo. Tafuta wenye nywele laini, uloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, tia dawa ya meno yenye floridi, upitishe taratibu kwenye mpaka wa jino na ufizi ukikizunguka kinyama, usikisugue chenyewe. Kama mnatumia mswaki wa mti, utafune hadi nyuzi zilainike kabisa, na upande huo utumie ule wa dukani. Damu itatoka siku za mwanzo. Baada ya kula sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kidogo kwenye glasi. Korosho za kukaanga na mifupa ya samaki ihamishie upande wa nyuma. Na kama unakula udongo, kama wajawazito wengi wa pwani wanavyofanya, uache: unakwangua fizi, na unahusishwa na kupungukiwa damu.

Damu ndiyo inayonihangaisha kwako kuliko kinyama. Mtoto hadhuriwi na kile kifundo, lakini anategemea damu yako. Kuvuja kidogo kidogo kila siku, ukijumlisha malaria ya ukanda wetu na mahitaji ya mimba, kunaweza kukushusha. Nenda kliniki waipime damu yako. Mjamzito akiwa na himoglobini, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 11 kwa desilita, tunahesabu kwamba amepungukiwa. Meza vidonge vya madini ya chuma na foliki ulivyopewa, hata kama vinakuletea kichefuchefu. Kuna mama wengi wanaoviweka kabatini wakiwa na nia njema ya kuanza kesho.

Damu ikianza kutoka, kaa wima, inamisha kichwa mbele kidogo, usilale chali. Kunja kitambaa safi cha pamba kilicholowanishwa, kiweke juu ya kinyama, na ukandamize kwa kidole bila kuachia kwa dakika 15 kamili kwa saa. Kosa ninaloliona kila mara ni kuchungulia. Mtu anabana dakika mbili, anafunua kuangalia, anang'oa donge lililoanza kushika, damu inaanza upya, naye anasema kukandamiza hakusaidii. Usichungulie. Tema damu, usiimeze, maana itakutapisha na hutajua umepoteza kiasi gani. Ikiwa baada ya kurudia mara ya pili bado inachuruzika, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

Kuhusu matibabu, kuna njia mbili, na nitakupa ninavyoipima kila moja.

Ya kwanza ni kusafishwa meno na kuondolewa ugaga sasa, kisha kukiachia kinyama hadi ujifungue. Kusafishwa meno si hatari kwa mjamzito, wala ganzi ya meno si hatari. Wengi wanakaa na maumivu miezi tisa kwa sababu waliambiwa mjamzito hapigwi sindano ya ganzi. Lignokaini, dawa ya ganzi tunayotumia, inafaa. Kitakachobadilika ni kwamba utalazwa ukielemea kidogo upande wa kushoto, ili tumbo lisibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo ukapata kizunguzungu. Mara nyingi ugaga ukishatoka, ndani ya wiki mbili kinyama hutulia, hupungua wekundu, na damu huwa ya mara mojamoja.

Ya pili ni kukikata sasa. Hufanyika kwa ganzi, kiti kilekile, na mara nyingi hakichukui hata saa moja. Kinatolewa pamoja na mzizi wake hadi kwenye utando unaofunika mfupa, jino la jirani linakwanguliwa, na kipande kinatumbukizwa kwenye fomalini kupelekwa maabara. Faida yake ni kwamba unaondokana nacho na jibu la maabara linamaliza wasiwasi wa saratani. Hasara yake ni kwamba homoni zilizokiotesha bado zipo, kwa hiyo kikikatwa ndani ya mimba kina nafasi kubwa zaidi ya kurudi. Hata nje ya mimba, katika taarifa zilizochapishwa, hadi 16 katika 100 hurudi. Kama ni lazima, kipindi kizuri ni mwezi wa nne hadi wa sita, na wewe uko mwishoni mwake.

Kwa ulivyonieleza, mimi ningechagua ya kwanza. Ningebadili uamuzi kama kipimo cha damu kimeshuka, kama huwezi kula, au kama unakiuma kila ukifunga mdomo. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari atakayekuona na wako mwenyewe. Ukikatwa, maumivu ya baadaye yatulize kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni kataa kwa adabu, maana kuanzia wiki ya 20 ya mimba si dawa za kuchezea.

Wifi yako ameogopa kwa sababu anakupenda, na kuna vitu vingine vinavyoweza kufanana na hiki. Nenda haraka, usingoje kujifungua, ukiona jino la karibu limeanza kulegea bila sababu, mdomo unakufa ganzi, kinyama ni kigumu kama gamba la chaza, kuna tezi shingoni isiyouma inayokua, au kidonda kinazidi wiki mbili bila dalili ya kupona. Mabaka ya zambarau kwenye kaakaa, au yaliyotokea mahali pawili au zaidi, hunifanya nifikirie saratani ya Kaposi, inayowapata zaidi wenye VVU ambao hawajaanza dawa. Bila shaka ulishapima VVU kliniki, mpe daktari kadi aione bila kuona haya. Na kama damu inatoka pia puani, au una vidoa vyekundu vya damu ngozini, tatizo linaweza kuwa kwenye damu yenyewe, na hiyo ni safari ya siku hiyohiyo.

Ukiwa Mtama, hospitali ya Nyangao haiko mbali nawe. Ulizia kwanza siku za kinywa na meno kabla ya kulipa nauli. Ikishindikana, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine hapo Lindi mjini. Hospitali ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, zote Mtwara, zinaweza kukupokea ikihitajika rufaa. Beba kadi ya kliniki, na umweleze daktari kila dawa uliyomeza au kupaka, pamoja na zile za miti.

Kwa wazazi watakaosoma hapa wakiwa na mtoto mchanga mwenye doa jekundu lililoinuka mdomoni, hilo ni jambo jingine. Hemanjioma ya watoto huonekana wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, hukua kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha hunywea kwa miaka. Ikiziba njia ya hewa, ikizuia kunyonya au ikifanya kidonda, kuna dawa ya kunywa, propranololi, inayotolewa kwa uangalizi wa hospitali. Mpelekeni mapema, msisubiri.

Nawe mwanangu, ukijifungua salama utanyonyesha kama kawaida, kinyama hiki hakiingii kwenye maziwa. Ukitimiza arobaini, simama na kioo kwenye mwanga wa jua asubuhi, inua mdomo wa juu ukitazame. Kikiwa kimepauka na kupungua, kipe miezi miwili mingine huku ukipiga mswaki. Kikiwa kilekile, au kimeongezeka, njoo kikatwe na kipimwe, uje na mtoto na mtu wa kumshika nje, dakika zile chache utakazokuwa kwenye kiti.